Mwenyekiti Mzima Kwenye Benchi la Wagonjwa

Alhamisi ni siku ya josho, au dip, kama wengi wanavyoliita. Tangu asubuhi, ng'ombe wa kijiji hushuka mteremko kwenda kuogeshwa dawa ya kupe. Watu hushuka nyuma yao wakiwa na fimbo na habari za majirani. Ng'ombe hawapendi maji yale. Wanasukumwa, wanaruka ndani, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakiwa na hasira. Kupe wanakufa. Kazi imekwisha.

Kijiji hiki kiko juu kidogo ya Gilgil, mahali pa baridi na maziwa mengi. Anayesimama kwenye lango la josho ni Kipkemboi. Yeye ndiye mwenyekiti wa josho. Hakuna anayemwita Kipkemboi tena. Wote humwita Mwenyekiti, hata mkewe Chesang. Ila Chesang akilitamka neno hilo, huwa anacheka kidogo.

Alhamisi moja jirani yake Ngigi alifika na ng'ombe wake wa madoadoa. Hakutaka kutoa mchango wa mwezi.

"Mwenyekiti, angalia hii ng'ombe," Ngigi alisema. Aliinua mkia. Akafunua masikio. "Kupe iko wapi? Hakuna! Sasa mimi nalipa ya nini?"

Kipkemboi alivuta pumzi ndefu. Watu walijua hotuba inakuja. Wakasogea karibu.

"Ngigi, skiza vizuri," alisema. "Hiyo ng'ombe yako haina kupe kwa sababu dip iko. Na dip iko kwa sababu watu wanalipa kila mwezi, kupe ikiwa iko, kupe ikiwa haiko. Tukingoja mpaka ng'ombe iugue ndio tulipe, siku hiyo tutakuta dip ni shimo kavu. Hulipii kupe. Unalipa ndio dip isimame. Umeelewa, ama nirudie?"

"Usirudie," Ngigi alisema haraka, akalipa.

Ilikuwa hotuba nzuri sana. Naomba uikumbuke, wewe unayesoma. Mwenyewe aliisahau kabla hajafika nyumbani.

Nyumbani alimkuta Chesang anachemsha chai. Mke wa mwana wao, Chepngeno, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Mtoto alitarajiwa mwezi huohuo. Mumewe, Bravin, hufanya kazi kwenye kituo cha umeme cha Olkaria, na huja nyumbani akipata likizo.

Simu ya Kipkemboi ililia. Malipo ya maziwa yalikuwa yameingia. Alisoma ujumbe, akakunja uso.

"Wamekata tena pesa ya hospitali!"

"Si wanakata kila mwezi?" Chesang alisema.

Ni kweli. Mwaka uliotangulia, ushirika wa maziwa ulipatana na hospitali ndogo ya kijiji. Kila familia inakatwa kiasi kidogo kwenye pesa ya maziwa kila mwezi. Pesa hiyo inaenda hospitalini moja kwa moja. Mtu wa familia hiyo akiugua, anatibiwa bila kuulizwa pesa mlangoni. Huu haukuwa mpango wa serikali. Ulikuwa mpango wao wenyewe, wa maziwa yao wenyewe.

"Na nani ameugua hapa mwaka mzima?" Kipkemboi aliuliza. "Nani? Mimi hata mafua sijapata!"

"Si ushukuru Mungu."

"Nishukuru, halafu hospitali ikule pesa yangu?"

"Baba, mimi nitaenda kujifungua huko," Chepngeno alisema kwa upole.

"Wewe ni mtu mmoja. Huwezi kumaliza hiyo pesa yote." Kipkemboi alisimama. "Kesho naenda kukula pesa yangu."

"Unaumwa wapi?" Chesang aliuliza.

"Nitajua nikifika."

Basi kesho yake akafika. Hospitali ile ina daktari mmoja anayekuja siku chache kwa wiki. Siku nyingine zote anayeiendesha ni muuguzi, Sista Chepkurui. Ni mama mnene, mpole, mwenye kutembea haraka.

"Karibu, Mwenyekiti. Shida ni nini?"

"Nipime."

"Nikupime nini?"

"Kila kitu iko."

Sista alimpima presha. Ilikuwa nzuri. Akapima joto. Lilikuwa zuri. Akasikiliza moyo. Moyo ulikuwa unapiga kama wa kijana. Kipkemboi alisikitika. Akavua kiatu.

"Na hii kucha?"

Sista alivaa glavu, akainama, akaangalia kidole cha mguu.

"Hii ni kucha tu, Mwenyekiti."

"Ifunge bandeji."

Sista alikuwa na mama watatu wajawazito wanaomngoja. Akaifunga ili apate amani. Kipkemboi akapita katikati ya soko akichechemea, bandeji ikionekana vizuri. Alichechemea mpaka kwenye kona. Hapo akasahau, akatembea sawasawa mpaka nyumbani.

Ngigi alimfuata jioni hiyo.

"Mwenyekiti, kwani inaruhusiwa kwenda bila ugonjwa?"

"Pesa ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa ukiwaachia, ni nani mjinga?"

Ngigi hakutaka kuwa mjinga. Hata majirani wengine hawakutaka. Kabla ya wiki kwisha, benchi la hospitali lilikuwa limejaa watu wenye afya njema kabisa. Mmoja alitaka dawa ya macho ya kuweka nyumbani. Mwingine alitaka plasta za kutosha familia. Ngigi alikuwa anakuja na chupa ya chai na vikombe. Walikaa hapo wakibishana kuhusu mpira. Siku moja presha ya Ngigi ilikutwa imepanda. Alifurahi mno. Sista alipoipima tena baadaye kidogo, ilikuwa imeshuka. Ngigi alisema mashine imeharibika.

Wagonjwa wa kweli walisimama nje, kwa sababu benchi halikuwa na nafasi.

Baada ya siku chache, gari dogo la mizigo liliingia kwa Kipkemboi. Alikuwa Hardeep. Hardeep ana duka la dawa za mifugo mjini Gilgil, duka lililoanzishwa na babu yake. Ndiye huleta dawa ya josho. Pia ni mweka hazina wa kamati ya hospitali. Anajua Kiswahili cha kijiji na majina ya ng'ombe wengi.

"Mwenyekiti, habari ya kucha?" aliuliza.

"Inaendelea vizuri," Kipkemboi alisema bila kumwangalia.

Chesang akaleta chai. Hardeep akanywa kidogo, kisha akasema, "Mzee wangu, unakumbuka vile hii hospitali ilikuwa zamani?"

"Ilikuwa inafungwa kila saa."

"Unajua kwa nini? Ilikuwa inalipwa ya kila ugonjwa. Sindano, lipa. Dawa, lipa. Ukiugua ndio inapata pesa. Sasa miezi ya mvua watu wanakohoa, hospitali inanenepa. Ikifika miezi ya jua, kila mtu ni mzima, hakuna hata pesa ya stima. Daktari alikuwa anaangalia mawingu kama mkulima! Akiona mvua, anafurahi. Mafua inakuja."

Chesang alicheka sana. Kipkemboi alijizuia.

"Halafu sista akikosa mshahara, anaenda Nakuru," Hardeep aliendelea. "Ugonjwa ukirudi, hakuna mtu wa kutibu. Saa hii tunalipwa ya kila mtu, kila mwezi, mgonjwa ama mzima. Tunajua pesa gani inakuja. Tunaweza kuandika sista na kumwambia, kaa, mshahara uko. Na ukiugua mara nyingi, hospitali haipati zaidi. Inatumia zaidi. Kwa hivyo faida yetu ni wewe kuwa mzima. Ndio maana Sista alikuwa anazunguka kwa maboma akiangalia choo na maji ya kunywa."

"Mimi nilifikiri anatafuta wagonjwa," Kipkemboi alisema.

"Alikuwa anawapunguza! Lakini saa hii hazunguki. Ako kwa kucha yako."

"Kwa hivyo mimi nikiwa mzima, nyinyi mnakula pesa yangu."

"Na wewe ukiwa mzima, boss, wewe hujala?"

Kipkemboi alikoroga chai yake. Maneno yalikuwa na maana, lakini alikuwa ameshasema mengi sokoni. Ni vigumu mwenyekiti kurudi nyuma akiwa na bandeji mguuni.

Hardeep akaweka kikombe chini. Sasa hakuwa anacheka. "Dawa zinaisha. Glavu zinaisha. Sista amechoka. Tukiendelea hivi, tutafunga chumba cha kujifungulia. Hatuna namna. Jumamosi wanachama wanakutana kuamua: tuendelee na huu mpango, ama turudi kulipa ya kila ugonjwa."

"Mimi Jumamosi nitasema turudi," Kipkemboi alisema. "Mtu alipe akiugua. Asipougua asilipe. Hiyo ndiyo haki."

Hardeep alipoondoka, Chesang hakuondoa vikombe. Alibaki amekaa.

"Mwenyekiti, Bravin alizaliwa wapi?"

Kipkemboi aliangalia chini. Kijiji kizima kinajua. Bravin alizaliwa nyuma ya gari la maziwa, katikati ya madebe, kwenye barabara ya kwenda mjini, kwa sababu hospitali ilikuwa imefungwa. Dereva alikuwa analalamika kwamba maziwa yatachelewa. Watu husimulia hadithi hiyo wakicheka. Chesang huicheka pia. Lakini siku yenyewe hakucheka. Alidhani anakufa.

"Mimi sitaki Chepngeno ajifungulie kwa madebe," alisema.

Kipkemboi akaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye benchi la hospitali kama kawaida, katikati kabisa, akiwaeleza wenzake atakayosema kesho yake. Ngigi alikuwa ndani akipimwa. Chai ilikuwa inazunguka. Mara pikipiki ikasimama getini. Chesang alishuka akiwa amemshika Chepngeno mkono. Chepngeno alikuwa ameuma mtandio wake, jasho linamtoka, na hakuweza kusimama wima.

Kipkemboi aliruka.

"Tokeni! Tokeni wote! Nyinyi si wagonjwa!"

Watu walimwangalia kwa mshangao.

"Mwenyekiti, tuko kwa laini," mmoja alisema. "Si wewe ulisema tufike mapema?"

"Nimesema mtoke!"

"Na wewe unaumwa nini?"

Hapo Chepngeno alilia. Ilikuwa sauti moja ndefu. Hakuna aliyebishana tena. Walisimama wote kwa pamoja, benchi likaanguka, chai ikamwagika. Mlango ukafunguka na Ngigi akatoka mbio na mkono mmoja ukiwa bado ndani ya kile kitambaa cha kupimia presha. Sista Chepkurui alitoka mbio nyuma yake, lakini si kwa ajili ya kitambaa. Alimshika Chepngeno upande wa pili wakaingia naye.

Kisha Sista akarudi mlangoni, anafungua kabati, anafunga, anafungua lingine. Kipkemboi alisimama karibu.

"Unatafuta nini?"

"Glavu." Alisukuma maboksi matupu. Nyuma kabisa akapata pakiti moja iliyobaki. "Hii ndiyo ya mwisho. Nyingine zilienda kwa kucha, Mwenyekiti."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali kama angesema kwa hasira.

Kipkemboi aliinua benchi, akakaa peke yake. Aliogopa. Aliwaza juu ya pakiti ile moja. Aliwaza ingekuwaje kama leo yeye angefungwa bandeji nyingine, na Chepngeno akaja kesho. Alifungua bandeji ya mguuni. Kucha ilikuwa nzima. Akaikunja ile bandeji taratibu, akaitia mfukoni, kwa aibu.

Jua lilipokuwa juu kabisa, mtoto alilia. Alikuwa msichana. Chesang alitoka akicheka na kulia pamoja. Kipkemboi alijifuta macho akasema ni vumbi. Nyasi zilikuwa bado na maji ya mvua ya usiku, lakini tumwachie vumbi lake.

Mtoto aliitwa Chebet, kwa sababu alizaliwa mchana.

Jumamosi wanachama walikusanyika kwenye uwanja wa ushirika. Hardeep alieleza mpango, polepole, kama alivyoeleza kwa Kipkemboi. Watu walikuna vichwa. Kisha Ngigi akasimama. Alikuwa amejiandaa.

"Mimi siumwi," alisema. "Nyumbani kwangu hakuna anayeumwa. Sasa mimi nalipa ya nini? Mwenyekiti amesema vizuri, mtu alipe akiugua. Mwenyekiti, si ndio?"

Wote wakageuka kumwangalia Kipkemboi. Yeye akawa anaangalia viatu vyake. Alitaka kusema, lakini hakujua aanzie wapi. Anayekosea mbele ya watu wengi hurudi kwa shida.

Chesang akasimama. Alivuta pumzi ndefu, akajinyoosha, akaweka mikono nyuma, vilevile anavyosimama mumewe langoni.

"Ngigi, skiza vizuri," alisema. "Watu wako hawaumwi kwa sababu hospitali iko. Na hospitali iko kwa sababu watu wanalipa kila mwezi, ugonjwa ukiwa uko, ugonjwa ukiwa hauko. Tukingoja mpaka mtu augue ndio tulipe, siku hiyo tutakuta hospitali ni nyumba tupu. Hulipii ugonjwa. Unalipa ndio hospitali isimame. Umeelewa, ama nirudie?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walishika mbavu. Ngigi mwenyewe alikaa chini akicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kipkemboi akasimama.

"Hiyo hotuba ni yangu," alisema.

"Tunajua!" watu waliitikia.

"Hiyo hotuba ni yangu," alirudia, sauti ikashuka, "na niliisahau. Nimeenda hospitali nikiwa mzima. Nimeita na nyinyi. Jana mtoto wa kijana wangu alizaliwa na glavu ya mwisho. Nilikuwa karibu kuifunga hospitali kwa mikono yangu. Naomba msamaha. Mimi nasema tuendelee kulipa kila mwezi."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mikono ilikuwa mingi, na wa Ngigi ulikuwa juu kuliko yote.

Mama mmoja aliuliza swali la maana. "Na hospitali ikishalipwa, ikiamua kutufukuza tukiwa wagonjwa kweli, ili isitumie dawa?"

"Hilo ni swali zuri," Hardeep alisema. "Tuchague wanachama wa kuangalia. Mgonjwa akirudishwa nyumbani bila kutibiwa, waniulize mimi, wamuulize na daktari. Na tuongeze kitu kingine. Mama wakijifungua salama na watoto wakimaliza chanjo zote, ushirika uipe hospitali nyongeza kidogo. Hapo tutakuwa tunalipwa kwa afya yenu, si kwa kikohozi yenu."

Wakakubali hilo pia.

Chumba cha kujifungulia hakikufungwa. Makabati yalijaa glavu. Kwa kuwa pesa ilikuwa inaingia kila mwezi bila kuruka, kamati iliandika muuguzi wa pili, na Sista Chepkurui akarudi kuzunguka kwenye maboma, akiangalia vyoo na maji. Chebet alipata chanjo zake zote. Benchi la hospitali likapumzika. Ukikaa hapo siku hizi bila ugonjwa, Kipkemboi akipita anakuuliza unaumwa wapi, na jibu lisipomridhisha anakusindikiza getini.

Lakini huyu Kipkemboi hajui kufanya jambo kwa kiasi.

Chebet alipoanza kukaa mwenyewe, babu yake alipata kikohozi. Kilikuwa kikohozi kibaya cha kifuani. Alijificha. Alikoholea kwenye zizi, alikoholea kwenye mahindi. Chesang akimwuliza, anasema ni vumbi. Mwishowe usingizi ulimtoroka Chesang pia. Asubuhi akamshika mkono, akampeleka hospitalini kama anavyopelekwa ng'ombe mkaidi.

Ngigi alikuwa kwenye benchi. Safari hii mguu wake ulikuwa umevimba kweli.

"Mwenyekiti, umekohoa tangu lini?" Sista aliuliza.

"Muda kidogo."

"Tangu mtoto aanze kukaa," Chesang alisema.

"Na hukuja kwa nini?"

Kipkemboi aliangalia ukuta. "Sikutaka kumaliza hospitali."

Sista Chepkurui aliweka mikono kiunoni.

"Mwenyekiti. Alhamisi, ng'ombe yako ikijaa kupe, unaiacha nyumbani ndio dawa ya dip isiishe?"

Ngigi alianza kucheka, akashika mguu wake, akaendelea kucheka. Kipkemboi alifungua mdomo ajibu. Kikohozi ndicho kilichotoka.

"Umeelewa," Sista aliuliza, "ama nirudie?"

"Usirudie," Kipkemboi alisema, akaanza kufungua vifungo vya shati.